Jumamosi mbili za kumpima mjukuu wangu akili, hapa Bagamoyo

Kipimo cha kwanza kilichukua dakika 40, kwa Kiingereza, kwenye kishikwambi, kikatoa namba moja: 74. Kipimo cha pili kilikula Jumamosi mbili, kwa Kiswahili, mezani, kwa penseli na vipande vya mbao, na hakikutoa namba hata moja. Ninachokusudia kukieleza ni hicho cha pili, kwa kuwa ndicho nilichokilipia mwenyewe na ndicho ambacho ningemwambia mzazi mwenzangu akalipie. Ila sitaeleweka nisipoanza na kile cha kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka 34 nimefundisha shule za msingi za wilaya hii, na mingi kati yake nilikaa na darasa la kwanza na la pili, yaani kazi yangu ilikuwa ba-be-bi-bo-bu. Mjukuu wangu ana miaka tisa, ni mtoto wa binti yangu wa pili. Alikuwa Dar es Salaam na wazazi wake, anasoma shule ya Kiingereza. Alipomaliza darasa la pili wazazi wakaitwa, wakaambiwa mtoto haendi na wenzake, akapimwe akili kwanza ndipo ijulikane kama darasa la tatu litampokea. Wakampeleka mahali walikoelekezwa. Mtoto akaingizwa chumbani peke yake, akavishwa hedifoni, akawa anabonyeza majibu. Jioni ile ile matokeo yakaja kwa barua pepe: 74, na chini yake mstari mmoja kwamba yuko mpakani mwa ulemavu wa akili. Binti yangu alinipigia saa nne usiku. Hasemi, analia tu. Nikamwambia, mlete.

Habari za mtaalamu huyu wa pili nilizipata kwa mwalimu mwenzangu ambaye mtoto wa dada yake alipitia hapo. Ni mwanasaikolojia, mama wa makamo, anakuja Bagamoyo Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi. Amepanga chumba na baraza kwenye nyumba ya mtu kule Magomeni, hapa hapa Bagamoyo. Jina la ofisi siliandiki kwa sababu mwenyewe kaniomba: yuko peke yake, na foleni yake imeshafika miezi miwili. Wanaonifahamu wataniuliza.

Kilichonivuta kwanza ni simu. Kabla sijataja hata umri wa mtoto vizuri, aliniomba mambo manne. Nimpeleke hospitali ya wilaya akapimwe macho na masikio, nije na majibu. Nije na daftari zake za shule zilizokwisha, zile chafu zenye mistari ya kalamu nyekundu, nisichague nzuri. Siku hiyo mtoto awe amelala vya kutosha na amekunywa chai. Na la nne, nisimwambie mjukuu kwamba anakwenda kwenye mtihani. "Mama, mwambie anakuja kufanya kazi na mimi, nyingine zitakuwa rahisi na nyingine zitamshinda, na zikimshinda hakuna anayekasirika." Miaka 34 nimewaingiza watoto kwenye mitihani, na maneno hayo sikuwahi kuwaambia hata siku moja.

Macho mazima, masikio mazima. Jumamosi ya kwanza tukafika saa tatu.

Nilidhani ataanza na mtoto. Akampa udongo wa kufinyanga barazani, akakaa na mimi saa nzima. Mimba ilikuwaje, alizaliwa kwa wakati, aliwahi kushikwa na degedege, alianza kutembea lini, neno la kwanza lini, nyumbani mnazungumza lugha gani. Kisha maswali ambayo mwanzoni niliyaona ya kijijini mno kwa mtaalamu: anaoga mwenyewe? Anajua kufunga vifungo? Ukimtuma dukani anarudi na nini?

Hapo nilikuwa na mengi ya kusema. Mjukuu huyu ndiye ninayemtuma. Namwambia sukari nusu, sabuni ya mche, kiberiti, nampa noti ya 5,000, na chenji anaileta kamili. Kuna siku alirudi dukani mbio kwa sababu mwenye duka alimzidishia 500. Akienda ufukweni na binamu zake, yeye ndiye anayekumbuka maji yatajaa saa ngapi. Mtaalamu akayaandika yote. Ndipo akanieleza jambo ambalo kipimo cha kwanza kililiruka: hakuna mtu anayepaswa kuambiwa ana ulemavu wa akili kwa namba peke yake. Sharti uangalie pia namna anavyojimudu maishani kulingana na rika lake, na hilo haliulizwi kwenye kishikwambi, linaulizwa kwa anayeishi naye.

Nikiwa barazani wakati mtoto yuko ndani, nilianza kukumbuka daftari langu la chuo cha ualimu, somo la saikolojia ya elimu. Tulikaririshwa kanuni: umri wa akili gawanya kwa umri wa kuzaliwa, zidisha kwa 100. Tukaijibu kwenye mtihani, tukafaulu, tukaenda kufundisha. Tulijua jina la Alfred Binet, Mfaransa, na mwaka 1905, basi. Hatukuambiwa kwa nini Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga zile kazi zao 30. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua watoto gani wanahitaji msaada wa ziada shuleni, na Binet alitaka wapatikane ili wasaidiwe. Ile kanuni ya kugawanya hata si yake. Ilitoka kwa Mjerumani William Stern mwaka 1912, na kule Stanford, Marekani, Lewis Terman akaitia kwenye kipimo chake cha mwaka 1916 pamoja na ile 100 ya kuzidishia. Binet alikuwa ameshafariki tangu 1911, na alipokuwa hai aliwapinga waliosema akili ya mtoto ni kitu kilichopimwa mara moja kikaisha. Jambo hili lilinichoma, nikiwa nimekaa pale kwenye benchi. Nimewapanga watoto kwenye madawati kwa alama zao miaka mingi, wa mwisho nyuma, nikiamini nafanya kazi ya sayansi.

Sanduku la vifaa vya kupimia akili alilotumia mtaalamu linatokana na kazi ya mtu mwingine, David Wechsler, aliyekuwa hospitali ya Bellevue huko New York. Mwaka 1939 alitoa kipimo cha watu wazima, na mwaka 1949 cha watoto. Wechsler aliacha kugawanya umri. Yeye anamlinganisha mtu na wenzake wa rika lake: wastani unaitwa 100, na watu wawili katika kila watatu wanaangukia kati ya 85 na 115. Kwa hesabu hiyo, aliyepata 74 amewazidi watoto kama wanne tu katika kila 100. Lakini 100 ya akina nani? Hilo ndilo swali nililolirudia kwa mtaalamu, na alinijibu bila kuzunguka. Majedwali ya kulinganishia alama, yaliyomo kwenye sanduku lake, yametengenezwa kwa watoto wa Marekani. Ndiyo maana hatoi namba kwa mtoto wa Bagamoyo aliyepimwa kwa Kiswahili, kwa sababu ukishatafsiri maswali, jedwali la Marekani si lake tena. Anachotoa ni sura: wapi mtoto yuko juu, wapi katikati, wapi chini, na pengo kati ya hapa na pale ni kubwa kiasi gani.

Sasa niseme alichokiona.

Alimpa vipande vya mbao vya mraba, vyekundu na vyeupe, ajenge mchoro uliopo kwenye karatasi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nilimwona. Alitoa ulimi nje, akageuza, akapanga, akasema, "Tayari, lete nyingine." Akapewa michoro yenye nafasi tupu, achague kipande kinachokamilisha. Akaendelea mpaka kurasa ambazo mtaalamu alisema wa rika lake wengi hawafiki. Akaulizwa maana za maneno kwa Kiswahili, akazieleza vizuri, na neno "deni" akalielezea kwa mfano wa mimi na muuza samaki. Hapo hakuna 74.

Kisha zikaja tarakimu. Anasomewa, anazirudia. Akaombwa azirudie kwa kuanzia nyuma: tatu alizipata, nne zikamshinda kabisa, na nikaona mabega yameshuka. Hiyo ndiyo kazi ya kushika vitu kichwani kwa muda mfupi huku unavifanyia kazi, na kwake ni nzito.

Lakini lililonifungua macho lilikuwa kusoma. Mtaalamu alimpa kitabu changu cha darasa la kwanza, akasoma ukurasa mzima bila kukosea. Nilishangilia moyoni. Mtaalamu akafunika picha, akafungua ukurasa mwingine, mtoto akapunguza kasi. Kisha mtaalamu akatoa karatasi yenye maneno yasiyo na maana, aliyoyatunga mwenyewe: *bamuti*, *degoli*, *fisapu*, *lonake*. Maneno hayo hakuna aliyewahi kuyasikia, kwa hiyo huwezi kuyakisia wala kuyakumbuka. Unayasoma kwa kuunganisha herufi au huyasomi. Mjukuu wangu aliyatazama. Akasema "bamia". Akasema "dengu". La tatu akanyamaza, akanigeukia pale mlangoni.

Alikuwa hasomi. Alikuwa amekariri. Ukurasa ule mzima aliushika kwa sikio kwa kuwasikia wengine, picha inamkumbusha mahali pa kuanzia. Nikakumbuka hata chuoni kwake, madrasa: sura za juzuu ya amma anazisoma kwa tajwidi safi, ustadhi anamsifu, lakini msahafu ukifunguliwa katikati vidole vyake havijui viende wapi. Mimi, mwalimu wa kusoma, nimekaa naye likizo tatu na sikuliona, kwa sababu kila mara nilimpa kitabu anachokijua.

Baada ya hapo mtaalamu alifanya kitu ambacho hakimo kwenye sanduku lolote. Aliuliza, "Mnapiga kinyume na wenzio?" Kwa asiyekulia pwani: kinyume ni ule mchezo wa kugeuza maneno, unatoa silabi ya mwisho unaileta mbele. Maji inakuwa *jima*, samaki inakuwa *kisama*, bahari inakuwa *ribaha*. Watoto wanaongea hivyo ili wakubwa wasiwaelewe. Mjukuu akatikisa kichwa. "Mimi sijui. Wakipiga kinyume naondoka." Nililijua hilo, nikadhani ni haya tu ya mtoto wa mjini. Mtaalamu akamjaribu maneno 12, akapata mawili, yote ya silabi mbili.

Alinieleza hivi: kusoma kwa herufi kunasimama juu ya kusikia kwamba neno limeundwa kwa vipande vya sauti, na kuweza kuvihamisha. Mtoto ambaye vipande hivyo havimtengani kichwani atapata taabu na herufi hata akiwa mwerevu wa mengine yote. Kwa Kiingereza taabu inaongezeka, maana herufi moja ina sauti nyingi, na yeye alianzia huko. Kiswahili chetu herufi zake hazigeuki, ndiyo heri, lakini pia ndiko anakoweza kujificha kwa kukariri. Taabu ya namna hiyo wataalamu wanaiita disleksia. Hakuniandikia jina hilo kama hukumu. Aliandika kwamba dalili zinaelekea huko, na kwamba tutajua zaidi tukiona anavyofundishika.

Na "anavyofundishika" ndiyo iliyokuwa Jumamosi ya pili.

Siku hiyo mtaalamu alifundisha. Aliweka sarafu tatu mezani, kila sarafu silabi moja: sa, ma, ki. Mtoto anazigusa akitamka. Kisha anaichukua ya mwisho, anaisogeza mbele, anasoma tena: *kisama*. Dakika kama 20 hivi, sarafu zikiondolewa pole pole mpaka akawa anagusa meza tupu. Halafu akapewa maneno mengine 12, mapya. Akapata manane. Tukanywa maji, akacheza na paka wa mwenye nyumba, saa moja ikapita, akajaribiwa maneno mengine tena. Manane.

Nilimwuliza mtaalamu hii kaitoa wapi, ya kupima, kufundisha, kisha kupima tena. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hii ilifanyika hapa kwenu." Nikadhani ananitania. Ni kweli. Robert Sternberg na Elena Grigorenko kutoka Marekani, pamoja na wenzao Watanzania, walifanya utafiti kwa watoto wa shule karibu na Bagamoyo, wakautoa mwaka 2002. Watoto 358, wa miaka 11 hadi 13, walipewa kazi za kupanga vitu kwa makundi, za kufikiri kwa hatua, na mchezo wa maswali 20 ambapo unatafuta kitu alichokiwaza mwenzako. Wakafundishwa mbinu kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba alama za kwanza na za pili hazikufuatana sana: mtoto aliyekuwa chini mwanzoni hakuwa lazima yule aliyekuwa chini baada ya kufundishwa. Na zile za baada ya kufundishwa ndizo zilizoendana vizuri zaidi na kazi nyingine za akili walizopewa.

Mwaka huo nilikuwa darasani, wilaya hii hii, na sikulisikia. Ningelisikia, naamini kuna watoto ningewapanga kwingine. Nawakumbuka wengine kwa majina.

Kuna jambo dogo jingine alilolifanya nimelipenda. Mchoro ambao mjukuu aliuharibu kwa penseli, alimpa waya laini ajaribu kuuumba. Kwa waya ulitoka sawasawa. Akaniambia Robert Serpell alilionyesha hilo mwaka 1979 kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza: Waingereza walikuwa bora kwa penseli, Wazambia bora kwa waya, kwa sababu kule watoto wanatengeneza magari ya waya tangu wadogo. Kwa hiyo penseli nayo inapima mazoea ya penseli.

Hapa nitasema neno ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda. Shule ile ya Dar kulikuwa na mwalimu mwema, anampenda mtoto, aliyewaambia wazazi wasihofu, "huyu ana akili ya mikono, kila mtoto ana akili yake." Alikuwa na bango ukutani la akili nyingi, zile za Howard Gardner wa Harvard, tangu mwaka 1983: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili na kadhalika. Namheshimu Gardner kwa kutukumbusha kwamba mtu si karatasi ya mtihani. Lakini nadharia ile ni maarufu zaidi kwa walimu kuliko kwa wanaopima, na vipimo vingi vinaendelea kuonyesha kile alichokiona Mwingereza Charles Spearman mwaka 1904: anayefanya vizuri kazi moja ya kichwa huelekea kufanya vizuri na nyingine, kana kwamba kuna nguvu moja ya jumla chini yake. Sikatai akili ya mikono. Ninachokataa ni kumwambia mtoto wa miaka minane ana akili ya mikono kisha ukaacha kumfundisha kusoma. Ile 74 ilimfungia mlango, na lile bango likamfungia mlango huo huo kwa upole. Jumla ya Spearman ipo, lakini kwa mtoto mwenye bonde na mlima ndani ya kichwa kimoja, ukijumlisha unapata uwanda ambao haupo popote.

Sasa kuhusu huduma yenyewe, maana ina kasoro na nimeahidi kumwambia mtaalamu hizi nitakazoziandika.

Kelele. Nyumba ya jirani kuna fundi wa kuchomelea mageti. Jumamosi ya kwanza alianza kukata vyuma katikati ya zile tarakimu za kurudia nyuma. Mtaalamu alisimamisha, akasubiri, akaanza na seti nyingine, na akaliandika hilo kwenye ripoti. Vizuri, lakini chumba cha kumpima mtoto usikivu hakifai kukaa pale. Umeme ulikatika mara moja, feni ikasimama, mtoto akalowa jasho.

Ripoti ilichelewa. Niliambiwa siku kumi, ikaja baada ya wiki tatu na nusu, na ilikuja kwa Kiingereza, kurasa sita. Mtoto kapimwa kwa Kiswahili, mwalimu wake wa sasa anafundisha kwa Kiswahili, bibi anayekaa naye ni mwalimu wa Kiswahili. Nilimpigia, akaomba radhi, akaileta ya Kiswahili baada ya wiki moja. Hiyo ya Kiswahili ni nzuri sana, haina maneno ya kutisha, na ukurasa wa mwisho unasema nini kifanyike, na nani, na kwa dakika ngapi.

Bei ni 180,000 kwa yote: mazungumzo, Jumamosi mbili na ripoti. Kwa pensheni yangu si kidogo. Niliilipa mara mbili, nusu nusu, na alikubali bila kunung'unika. Najua majirani ambao hawataimudu, na linaniuma, kwa sababu hao ndio Binet aliwatafuta. Laiti huduma hii ingekuwa hospitali ya wilaya, kwa ratiba hata mara moja kwa mwezi.

Tena hawezi kufika shuleni. Ripoti nimeipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, darasa la tatu, shule ya serikali tuliyomhamishia. Nilikwenda na hofu, nikakuta binti mdogo mwenye wanafunzi zaidi ya 80 ambaye aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza maswali matatu ya maana. Sasa mjukuu anakaa mbele, maswali ya sayansi anasomewa, anajibu kwa mdomo.

Nyumbani tunafanya dakika 20 kila siku baada ya alasiri, zaidi ya hapo hapana. Silabi nimeziandika kwenye vipande vya maboksi ya sabuni. Tunajenga maneno yasiyo na maana, tunayasoma, tunayacheka, tunayavunja. Kitabu chenye picha tumekiweka kando kwa sasa. Miezi minne imepita. Anasoma pole pole, anachoka, siku nyingine anasukuma vipande anaondoka. Lakini anasoma maneno ambayo hajawahi kuyaona, na wiki iliyopita alisoma kibao cha mwenye duka neno kwa neno wakati mimi nahesabu pesa.

Juzi jioni alikuwa barazani na binamu zake, wanapiga kinyume, naye yumo. Akaja jikoni mbio. "Bibi, nimegundua kitu. Wewe hugeuki. Bibi ni bibi tu. Dada hageuki, kaka hageuki, baba hageuki. Mama naye!" Nikaacha mwiko. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia hivyo. Nilimpigia mtaalamu usiku ule ule kumweleza, akaniambia niliandike tarehe yake kwenye daftari la maendeleo, na nimeliandika.

Tunarudi kwake baada ya miezi miwili, kupima tena kusoma tu, kwa 40,000. Kama nawe unampeleka mtoto, omba miadi ya saa mbili asubuhi, usikubali ya saa tatu au nne. Fundi wa mageti anafungua saa tatu. Chukua chupa ya maji na kitafunwa, kwa sababu karibu hapo hakuna duka, na daftari chafu za mtoto usizisahau. Na ukilipa, sema mapema kwamba ripoti unaitaka kwa Kiswahili.